Ma Anatolia Kokuhirwa, Aliyeuliza Habari za Mama Zetu

Baba Paroko, masista, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani. Haya ni maisha ya mama yetu kama sisi wa nyumbani tunavyoyajua. Yeye alizoea kutoa habari za watu akiwa amesimama, bila karatasi, na hakuna aliyesinzia. Mimi nimeandika, kwa sababu nikisimama mbele ya watu wengi hivi nasahau hata jina langu. Kabla sijaanza, kila mama aangalie mtoto wake yuko wapi. Udongo ule wa kaburi umelegea. Yeye mwenyewe angeanza na hilo.

Ma Anatolia alizaliwa hapa Rwanshenge, karibu na Rubya, mwaka 1916, akiwa mtoto wa pili wa mzee Mutalemwa na Ma Leokadia. Siku ya kuzaliwa haikuandikwa. Iliyoandikwa ni ya ubatizo, Jumapili tarehe 12 Machi. Mwaka huo ndio Wadachi waliiacha nchi yetu, na wazee wengine wanasema ni kwa sababu ya vita. Marehemu hakukubali. Alisema Wadachi walimsikia analia, wakafunga mizigo. Waliomjua kwa sauti yake hawakumbishia. Dada yake mkubwa alikuwa Ma Felista, mama yangu mzazi, kwa hiyo marehemu alikuwa mama yangu mdogo, na baada ya Ma Felista kufariki alikuwa mama yangu, basi.

Alisoma katika shule ya masista kwa miaka minne. Akajua kusoma, kuhesabu, kushona na kuimba sauti ya pili. Katika mafundisho ya dini alikuwa hodari, isipokuwa siku moja. Padre alipomwuliza, "Nani alikuumba?" alijibu, "Mawe na tata, halafu Mungu akamalizia." Wageni waliotoka mbali wajue kwamba kwa Kihaya mawe ni mama yangu, na tata ni baba yangu. Walikumbuke hilo, maana litarudi mbele na kutuletea balaa. Padre alimwambia arudie jibu. Alirudia lile lile, kwa sauti kubwa zaidi. Baada ya darasa la nne baba yake alisema msichana anayeweza kusoma kitabu cha nyimbo amesoma vya kutosha, akamrudisha shambani.

Jumamosi tarehe 17 Novemba 1934 alifunga ndoa na Ta Datius Rugaibula, ambaye alikuwa akipima kahawa katika ghala moja karibu na bandari ya Bukoba. Walikaa Buhembe kwa karibu miaka ishirini. Mungu aliwajalia Philbert na Jovita, na mtoto wa tatu aliyemwita tena kabla hajatembea. Kila mchana Ma Anatolia alishuka mjini na chakula cha mumewe, ndizi na maharage vimefungwa kwenye jani la mgomba, na akimngoja alikaa juu ya magunia akiwasikiliza wabeba mizigo. Wengi walikuwa watu wa pwani. Hapo ndipo alipojifunza Kiswahili, na hapo ndipo kosa lilipoingia.

Wabeba mizigo wale waliambiana "nyoko" tangu asubuhi hadi jioni. Gunia likianguka, nyoko. Meli ikichelewa, nyoko. Kwetu Wahaya nyoko ni mama yako, neno safi kabisa, unaweza kulisema mbele ya Askofu akakubariki. Ma Anatolia akarudi Buhembe amefurahi.

"Ta Datius," akasema, "hawa watu wa pwani wana heshima kuliko sisi. Hata wakigombana wanakumbukana mama zao."

Ta Datius alikuwa amekaa na watu wa pwani muda mrefu na alijua wanamaanisha nini. Lakini alikuwa mpole, na mkewe alikuwa amefurahi. Akanywa maji, akanyamaza. Mwaka 1954 waliacha Buhembe wakarudi hapa kwenye kibanja chao cha migomba, na tarehe 9 Agosti 1958 Ta Datius akafariki bila kusema neno juu ya jambo hilo. Hatumlaumu. Hakujua litafika wapi.

Sasa nieleze kazi yake, ambayo ndiyo imewaleta wengi wenu hapa. Mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado mpya na kila mtu akiambiwa ni Uhuru na Kazi, akina mama wa Rwanshenge walikuwa hawana pa kuwaacha watoto wakienda kulima. Waliowabeba mgongoni walilima nusu. Waliowaacha nyumbani walilima huku roho iko juu. Siku moja mtoto Aristides, aliyekuwa na miaka minne, alitumbukia kwenye mtumbwi wa kukamulia pombe ya ndizi wakati bibi yake amekwenda kuchukua majani. Alipotolewa alikuwa mzima, anaimba. Ndiye Aristides huyu mrefu aliyeongoza vijana kuchimba kaburi hili, na tunamshukuru. Baada ya tukio hilo sista mmoja wa parokia aliomba ile nyumba ya makatekista iliyokuwa wazi pembeni ya kanisa la kigango, akamwomba Ma Anatolia awe anawatunza watoto humo. Ikaitwa Nyumba ya Watoto. Walisali, waliimba, walikunywa uji, walijifunza kuhesabu kwa mbegu za kahawa na kutozimeza.

Sista alimpa agizo moja. "Kila mwezi," alimwambia, "uwaeleze wazazi maisha ya mtoto na habari za familia." Tunavyofikiri sasa, sista alitaka wazazi waambiwe mtoto anakulaje, anachezaje, na kama familia ya Nyumba ya Watoto inaendelea vizuri. Ma Anatolia alielewa familia ni familia. Na habari za familia watoto walikuwa nazo nyingi.

Basi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, alisimama kwenye ngazi ya Nyumba ya Watoto na wazazi wakakusanyika chini. Alianza na mtoto. Aliishia nyumbani kwao.

"Mtoto wa Ta Byabato, mwezi huu ameota jino. Anajua Baba Yetu hadi 'utupe leo'. Anasema tata alimpa mawe kitenge, na mawe akaomba kitenge cha yule mwingine nacho kionekane."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ile ile aliyosemea jino. Alikuwa ameagizwa, naye alikuwa mtu wa kutimiza. Mara ya kwanza wanaume watatu waliondoka kabla ya mwisho. Wake zao wakabaki, wakaomba waambiwe zilizosalia. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kukosa, maana ukikosa utaambiwa na jirani, na jirani ataongeza chumvi. Tukaanza kuona jambo. Kila mwezi ukielekea mwisho, wanaume wa Rwanshenge walikuwa wapole. Walirudi mapema. Waliwauliza watoto wao kama wamekula. Ta Ishengoma, ambaye hakuwahi kumbeba mtoto, alionekana akimbeba wa kwake hadi mlangoni na kumnong'oneza kitu sikioni. Jumapili iliyofuata Ma Anatolia akatangaza: "Mtoto wa Ta Ishengoma amejifunza kutunza siri. Ameniambia anayo."

Na kila asubuhi alisimama mlangoni. Hakuna mtoto aliyepita bila kuguswa kichwa na kuulizwa kama mama yake amelala salama. Miaka ya mwanzo aliuliza kwa Kihaya. Ilipokuja amri kwamba watoto wazoezwe Kiswahili, lugha ya taifa, alitii siku hiyo hiyo. Alibadilisha neno lililohitaji kubadilishwa. Lile la pili aliliacha, kwa kuwa alikwisha kulisikia bandarini kwa masikio yake na kujua ni Kiswahili safi.

Kwa hiyo kuanzia hapo aliuliza, "Nyoko hajambo?"

Na watoto wakajibu, kila mmoja kwa zamu yake, "Mawe hajambo!"

Sisi tuliona ni Kiswahili kizuri.

Sasa tunafika Alhamisi tarehe 17 Mei 1973. Alhamisi ilikuwa siku ya shamba la ujamaa. Kijiji kizima kilikuwa kimepanda mlimani kulima, pamoja na akina mama waliokuwa wakimsaidia marehemu. Waliobaki chini ni watoto, waliojifungua, na wagonjwa. Kuhusu wagonjwa nitarudi. Asubuhi hiyo gari la serikali lilimshusha afisa mmoja, likaendelea na safari yake hadi jioni. Alikuwa mtu wa Pangani, mgeni katika mkoa wetu, safi, suti yake imenyooshwa. Alitumwa kuangalia vituo vya watoto na kusema kipi kiendelee na kipi kifungwe. Tulikuwa tumesikia kwamba vingine vimeshafungwa. Kila mama aliyekuwa mlimani siku hiyo alilima akiangalia chini, kama bati la Nyumba ya Watoto bado lipo. Ikifungwa, tulikuwa tunarudi kwenye mgongo na mtumbwi wa pombe.

Yaliyotokea tuliyapata kwa watoto, na baadaye kwa afisa mwenyewe, na yalilingana.

Alimkuta Ma Anatolia mlangoni, watoto wamepanga mstari. Marehemu alimwona mgeni ni mtu wa pwani, akataka kumpokea kwa heshima ya kwao.

"Karibu, bwana," akasema. "Nyoko hajambo?"

Afisa akavua miwani. "Bibi, umesema nini?"

"Nimesema nyoko hajambo? Au siku hizi mnaulizaje?"

Kabla hajajibu, mtoto wa kwanza kwenye mstari, Klaudia wa Ta Lwakatare, akaona mgeni ameshindwa swali rahisi. Akamsaidia kwa sauti kubwa: "Mawe hajambo!" Na wote nyuma yake wakaitika: "Mawe hajambo! Mawe hajambo!"

Afisa akaangalia mikono ya watoto, mmoja baada ya mwingine. "Astaghafirullah. Mimi natukaniwa mama mlangoni, na watoto wadogo wananitishia mawe?"

"Hawatishi, bwana. Wanajibu."

"Hiki ndicho Kiswahili unachowafundisha?"

"Nilikitoa bandarini," Ma Anatolia akasema, kwa fahari.

"Nakuamini," afisa akasema. "Bibi, nyumba hii naifunga. Leo."

Watoto hawakuelewa kufungwa. Mama mdogo alielewa. Klaudia anasema alishika mlango kwa mkono mmoja, kama mtu anayeuzuia usifungwe. Mtu huyu alikuwa ameiweka nyumba ile mahali pa mume na pa mtoto wake wa tatu, na sasa inafungwa kwa kosa asilolijua. Wakati huo huo akafika mtoto wa mwisho, amechelewa, peke yake, hajanawa. Alikuwa Theopista, miaka minne. Afisa alikuwa bado anasema. Ma Anatolia akamgusa mtoto kichwa, kwa mazoea tu, akamwuliza lile swali.

Theopista akasema, "Mawe haamki."

"Haamki vipi?"

"Nimemwita. Ana moto. Mtoto analia naye haamki."

Ma Anatolia akachukua mwiko wa uji, akamwekea afisa mkononi. "Bwana, sufuria iko jikoni. Koroga usiache. Yule mwenye shati la kijani anauma wenzake."

"Bibi! Mimi ni afisa!"

"Ndiyo. Na hawa ni wananchi."

Akaondoka akikimbia, naye alikuwa na miaka hamsini na saba na miguu mibaya.

Mama yule aliyekuwa hajitambui ni mimi. Nilikuwa nimejifungua juma lililotangulia, mume wangu yuko kazini Bukoba, nami nilijiambia homa itapungua, nisiwasumbue watu siku ya shamba. Ma Anatolia aliingia, akanigusa, akatoka. Alihitaji watu wanne wa kubeba machela hadi Rubya, na kijiji kilikuwa hakina mwanamume. Hivyo ndivyo kilivyoonekana kwa mtu asiyepata habari za mwezi. Lakini yeye alijua, kwa kuwa aliambiwa na watoto, kwamba wapo wanaume ambao huugua Alhamisi na kupona Ijumaa. Alijua majina, magonjwa na mahali wanapougulia.

Kwa Ta Lwakatare hakupiga hodi. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwa sababu Klaudia alikwisha kusema tata huumwa huko. Akamkuta amekaa kwenye kigoda na kibuyu cha pombe ya ndizi, anaumwa.

"Ta Lwakatare, inuka ushike machela."

"Ma, tumbo langu leo..."

"Najua. Utaumwa kesho."

Akamchukua na Ta Byabato, aliyekuwa akiumwa mgongo, na wengine wawili ambao wake zao wameniomba nisiwataje. Waliponibeba walikwenda mbio. Watu wa shambani waliwaona kutoka juu, wakashangaa jinsi wagonjwa wanavyopanda kilima. Pale Rubya nilitibiwa mara moja, na daktari alimwambia marehemu kwamba kama ningekaa nyumbani hadi watu warudi kutoka shambani, wangerudi kuzika. Mtoto wangu mchanga alibebwa na Ma Anatolia njia yote. Ndiye Datius, yule aliyekaa kwenye udongo na suti yake mpya. Aliye karibu naye amnyanyue, tafadhali.

Huku nyuma afisa alibaki na watoto. Alikoroga uji kwa sababu aliogopa kuacha. Alipougawa, Klaudia alimkumbusha kwamba hawajasali, naye akangoja wamalize sala. Kisha alikaa chini, Klaudia akakaa mbele yake.

"Hujajibu," akamwambia. "Nyoko hajambo?"

"Mtoto, hilo neno si zuri."

"Ni zuri. Nyoko ni mama yako. Isho ni baba yako. Wewe huna nyoko?"

Afisa anasema hapo ndipo alipoelewa, na akaona aibu, halafu akaona kitu kingine kinachozidi aibu. Akamwambia mtoto kweli. "Ninaye. Yuko Pangani. Sijui kama hajambo. Sijapata habari zake tangu Idi."

Klaudia akageuka, akawatangazia wenzake: "Hajui kama nyoko hajambo!" Na watoto wote walimhurumia. Wakamletea mbegu za kahawa za kuhesabia, na yule mwenye shati la kijani akamwuma kidogo tu.

Watu waliporudi kutoka shambani walimkuta amekaa kizingitini, mtoto mmoja amelala kwenye koti lake, mwingine mapajani, uji kwenye tai. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akatuambia, yaani akawaambia waliokuwepo, kwamba jibu lake litakuja, akapanda gari lake bila kusema ni jibu gani. Alikuwa ametamka kwamba anaifunga, na serikali haitamki mara mbili. Tulikaa hivyo hadi mwezi ukaisha.

Jumapili tarehe 3 Juni kulikuwa na watu wengi kuliko Pasaka. Mimi nilikuwa nimeruhusiwa siku tatu kabla, nimekaa kwenye mkeka. Ma Anatolia akapanda ngazi. Alipofungua mdomo, gari likafika, afisa akashuka, akasimama nyuma kabisa. Kila mtu alimwona. Yeye pia alimwona. Akaendelea.

"Theopista amejifunza kusema jambo lililo muhimu kabla ya yale mengine. Mama yake hajambo, ndiye huyo kwenye mkeka. Klaudia amejifunza siku zote za juma. Baba yake amepona Alhamisi, na tunamwomba asiugue tena." Watu wakacheka, Ta Lwakatare akacheka zaidi ya wote ili ionekane hana habari. "Na mwezi huu tulipokea mtoto mpya kutoka Pangani. Alilia kidogo alipoachwa, kama wote. Amejifunza kukoroga uji na kugawana. Bado hajui habari za mama yake, na sisi wazazi tunaombwa tumsaidie."

Hapo hakuna aliyecheka. Tuliangalia nyuma.

Afisa akapita katikati ya watu, akasimama chini ya ngazi kama wazazi wengine. "Ma Anatolia," akasema, na ndiyo mara ya kwanza tulipomsikia akitumia Ma, "niliandika barua nyumbani. Hajambo. Ameniambia nije likizo." Kisha akatugeukia. "Kituo kinaendelea. Nina sharti moja. Lile neno la salamu, mseme 'mama yako'. Mtoto wenu mmoja akienda Tanga akamsalimia mtu hivyo, hatarudi na meno."

Ndipo Ma Anatolia alipoelezwa, mbele ya kigango chote, maana ya neno lile huko pwani. Alikaa kwenye ngazi. Kisha akasema, "Basi Ta Datius alikuwa anajua," na akacheka mpaka kitenge kikamlegea, na tangu siku hiyo kila alipokwenda kaburini kwake alimsemesha juu ya jambo hilo. Anazikwa pembeni yake leo, nasi tunaamini mazungumzo yataendelea.

Alilitii lile sharti. Gari likisikika barabarani, aliuliza "Mama yako hajambo?" Gari likipita, aliendelea na nyoko. Afisa alikuja mara nyingine mbili kabla hajahamishwa, na mara ya pili alileta halua ya watoto iliyotumwa na mama yake.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwishoni mwa mwaka jana kwa miguu kuvimba na kukosa pumzi. Mwanzoni alificha, yeye aliyewafichua wote. Jovita alipomwuliza alisema ni viatu. Tarehe 14 Juni mwaka huu alilazwa Rubya kwa tatizo la moyo. Wauguzi walimtunza vizuri sana na familia inawashukuru. Wauguzi nao walituambia jambo. Kila asubuhi aliwauliza wagonjwa wa wodi yake habari zao, na baada ya juma moja alikaa kitandani akatoa habari za mwezi za wodi nzima, kitanda kwa kitanda, pamoja na nani analetewa chakula na nani anasema ameletewa. Muuguzi alimwomba apumzike. Alisema atapumzika zikiisha. Kuanzia siku hiyo, waliokuwa wakiletewa chakula waligawana na wasioletewa.

Jumamosi jioni nilimtembelea. Alinishika mkono, akaniuliza kama milango ya Nyumba ya Watoto imefungwa vizuri, nikasema ndiyo. Akaniuliza kesho ni Jumapili gani. Nikasema ya kwanza. Akasema, "Waambie nitachelewa."

Alifariki asubuhi ya Jumapili tarehe 4 Julai 1976, akiwa amepokea sakramenti zote. Hapa kigangoni watu walikuwa wametoka ibadani wamekusanyika chini ya ngazi kama kawaida, kwa kuwa niliwaambia atachelewa. Philbert alifika kutoka Rubya kwa baiskeli. Alipanda ngazi ile. Alikuwa na habari moja tu, nasi tuliijua kabla hajafungua mdomo, kwa namna alivyopanda.

Ma Anatolia ameacha watoto wawili, Philbert na Jovita, wajukuu tisa, mimi Benigna na ndugu zangu, watoto wa dada yake, na watoto wote waliopita mlango ule tangu mwaka 1962, ambao leo wengine ni walimu, wengine wako jeshini, na mmoja yuko seminari na anaombwa asisahau alivyokuwa akilala kwenye sala. Ta Lwakatare na wenzake watatu ndio waliobeba jeneza kutoka barabarani. Waliomba wenyewe. Leo ni Jumanne, nao ni wazima.

Watoto walituuliza jana nani atasimama mlangoni. Jovita amekubali. Kesho asubuhi nyumba itafunguliwa na uji utakuwepo. Atauliza lile swali kama mama yake alivyouliza, na yeyote mwenye gari apite upesi au avumilie.

Mama mdogo, kwa miaka kumi na minne uliwauliza watoto wetu kila asubuhi, na mara moja jibu halikuwa zuri, ukakimbia. Mimi ndiye jibu lile. Nimesimama hapa kwa miguu yangu, na akina mama wote wa Rwanshenge wamesimama. Theopista amekaa mbele. Ana miaka saba sasa. Ameniomba jibu la leo alitoe yeye, na nimemruhusu, kwa hiyo wote tunyamaze kidogo tumsikilize mtoto.

"Mawe hajambo."

Umesikia, Mama. Hakuna wa kumkimbilia tena asubuhi hii. Lala sasa, upumzike kwa amani ya Bwana.